Paka wa Nyumba ya Sita

Babu yake mzaa baba alishika mizani ya ghala la nafaka kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna mkulima aliyeondoka pale akinung'unika. Baba yake alikuwa karani wa mahakama, mtu ambaye mahakimu wenyewe walimwamkia kwanza, kwa kuwa walijua mkono wake haujapata kuongeza wala kupunguza neno katika jalada. Yeye mwenyewe alichora ramani za viwanja katika ofisi ya ardhi mpaka siku ya kustaafu, na mipaka aliyoichora haijabatilishwa hata mmoja. Wote watatu walikuwa watu wa kipimo. Wote watatu, vilevile, walikuwa watu wa falaki, elimu ya nyota. Elimu hiyo ilishuka kutoka kwa babu hadi kwa mwana, na kutoka kwa mwana hadi kwa mjukuu, pamoja na daftari moja la majedwali lenye jalada la ngozi, nao hawakupata kumtoza mtu hata senti kwa ajili yake.

Mtaani walimwita Mzee Nukta. Ukimwuliza saa hakukujibu kwamba yapata saa nne. Alikwambia saa nne, dakika nane, na kama una haja alikutajia na nukta zake. Watu walimjia na maswali: pete imepotelea wapi, mgeni atafika lini, nihame nisihame. Aliwasikiliza wamesimama, akatazama saa yake ya mkononi, akaandika dakika ile ile ambayo swali limetoka kinywani, kisha akachora duara la nyumba kumi na mbili kuonyesha jinsi mbingu zilivyokaa wakati huo. Jibu, alivyofundishwa, limo ndani ya saa ya swali kama kiini kilivyomo ndani ya yai.

Aliishi na binti yake, fundi cherehani aliyeshona sare za shule katika chumba cha mbele, na mkwewe, mpaka rangi wa majumba. Mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Aliyebaki kutoka enzi za marehemu alikuwa paka jike wa kijivu, mwenye sikio moja lililochanika, aliyetimiza miaka kumi na saba. Paka huyo ndiye aliyeleta msiba ambao, kwa macho ya watu, haukustahili hata kuitwa msiba.

"Baba, huyu leo amemaliza bakuli la tatu la maji," binti alisema siku ya kwanza, pini zikiwa zimembana midomo.

"Joto."

"Joto gani, baba? Mvua inanyesha tangu asubuhi."

Mzee aligeuza ukurasa. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, gazeti likiwa limekunjuliwa. Paka aliliacha bakuli, akaenda hatua nne, akaketi katikati ya sakafu kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Na samaki hajamgusa. Amenusa, akageuza uso kama bibi harusi aliyeletewa bwana asiye wake. Mshike mgongoni uone. Mifupa mitupu."

"Amezeeka. Na mimi nimezeeka. Mbona hunishiki mgongoni?"

"Wewe unakula." Alizitoa pini mdomoni. "Kesho nina safari ya kununua vitambaa. Daktari wa mifugo yuko njia ile ile. Nimchukue kwenye kikapu?"

"Mnyama mzee hatikiswi ovyo. Tutauliza kwanza."

Binti alijua maana ya kuuliza. Alirudisha mguu kwenye kanyagio, cherehani ikalia, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sheria ya swali ni moja, na baba yake aliifundisha kwa fimbo. Swali huulizwa mara moja tu. Huulizwa na mwenye haja nalo, kwa maneno yaliyo wazi, bila mzaha. Ukilirudia kwa sababu hukupenda jibu, mbingu hazitakujibu tena. Mzee alisimama, akaitazama saa yake, akatamka kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu:

"Je, paka wa marehemu mke wangu atapona?"

Ilikuwa Jumatano, saa kumi na dakika kumi na saba alasiri. Aliandika.

Alichora duara kwa bikari aliyoondoka nayo ofisini, zawadi ya kustaafu. Buruji la Simba lilikuwa linachomoza, na hilo likawa nyumba ya kwanza, nyumba yake yeye aliyeuliza. Wanyama wadogo, wale ambao mtu anaweza kuwabeba mkononi, hukaa katika nyumba ya sita kuanzia kwa mwenyewe. Kama paka angekuwa wake, angetazama hapo. Lakini paka alikuwa wa mkewe, na mke hukaa katika nyumba ya saba. Basi akaanzia ya saba, akahesabu sita, kidole kikatua kwenye nyumba ya kumi na mbili. Nyumba ile ilikuwa chini ya Mwezi. Nao Mwezi ulikuwa umekaa vizuri, una nguvu, unamkaribia Mshtarii mwenye heri, na kati yao zimebaki nyuzi sita, ambazo husomwa kuwa siku sita.

Alitua kalamu. Kwenye nyumba ya sita aliona pia kitu kingine: mtawala wake, Zohali, yumo katika nyumba ya nane, nyumba ya mauti, ameungua chini ya Jua. Alikiona, akakipita. Zohali hakuwa ameulizwa.

"Siku sita," aliwaambia wakati wa chakula. "Siku ya sita atarudiwa na nguvu zake."

Mkwe alikuwa na rangi ya kijani kwenye nyusi. "Mzee, ukimaliza ya paka, niulizie kama timu yangu itafunga bao kabla sijazikwa."

"Falaki si mchezo, mwanangu."

"Hata timu yangu si mchezo. Ni adhabu."

Binti alicheka, kisha akamtazama paka aliyelala chini ya kabati, akaacha kucheka. "Baba, hizo siku sita si anaweza kuzimalizia kwa daktari? Akipewa dawa na huo Mwezi ukaja, kuna ubaya?"

"Ukishapewa neno, unalisubiri. Babu yako hakupewa neno akaenda kutafuta la pili."

"Babu hakuwa na paka."

"Nimesema."

Na mzee akisema, nyumba ile ilikuwa haina rufaa.

Siku zikapita, wala hazikuwa na tofauti kubwa. Alhamisi paka alikunywa, akalala. Ijumaa alikunywa, akatapika maji, akalala. Mzee aliandika katika daftari dogo kila kitu pamoja na saa yake, kwa mwandiko ule ule aliokuwa akiandikia vipimo vya viwanja: saa mbili na dakika tano, maji, saa sita kasoro kumi, ametapika. Hakuhisi huzuni. Alihisi kama mtu anayesubiri barua ambayo anajua imeshatumwa. Binti alipomuuliza anaonaje, alijibu, "Bado siku nne," na siku iliyofuata, "Bado tatu."

Kila asubuhi alisaga samaki kwa uma mpaka akawa uji, akachovya kidole cha kati, akakiweka kwenye ulimi wa paka. Paka aliramba mara mbili, mara tatu, akafumba mdomo. Mzee alingoja, akachovya tena. Kazi hiyo ilichukua saa nzima, naye aliifanya huku mgongo ameuelekeza mlangoni, asionekane na mpita njia.

Jumamosi alikuja mama mmoja kuchukua sare za wanawe wawili. Alikuwa mwalimu, mtu wa sauti ya darasani. Binti alimkabidhi furushi, naye akalifungua kukagua mishono, akasita.

"Fundi, hiki nini?"

Kwenye sketi ya juu palikuwa na doa bichi, pana kama kiganja. Hakukuwa na haja ya kulinusa, ila mwalimu alilinusa.

"Nisamehe sana, dada. Ni paka wetu, mgonjwa. Amepanda kwenye nguo, sikumwona."

"Mwanangu avae mkojo wa paka siku ya kufungua shule?"

"Naifua sasa hivi. Nakushonea nyingine. Leo leo."

"Na hii ya chini nitajuaje? Nyumba nzima inanuka, fundi, niwe mkweli. Nimewatuma watu wengi kwako. Sijui kama nitawatuma tena."

Alisema hayo mbele ya mzee, bila kumtazama, kama vile mzee ni mmoja wa viti. Binti alisimama na sketi mkononi, kichwa kimeinama, akarudia nisamehe mara tatu. Mzee alitaka kusema neno. Neno lililomjia ni kwamba zimebaki siku tatu, akaona mwenyewe kwamba si neno la kumwambia mteja.

Mwalimu alipoondoka, binti alilowesha ile sketi kwenye ndoo. Hakumlaumu baba yake. Alisugua tu.

Jumanne ilikuwa siku ya sita. Mzee alinyoa ndevu. Alivaa shati jeupe, akakaa kwenye kiti, saa mkononi, daftari magotini. Paka alikuwa amelazwa juu ya taulo karibu na miguu yake, ubavu ukipanda na kushuka haraka haraka, mdomo una harufu kali kama ya dawa ya kufulia. Saa kumi na dakika kumi na saba ilifika. Ikapita. Paka alijaribu kuinuka, miguu ya nyuma ikamkatalia, akaanguka na kidevu chake kikagonga sakafu. Hakulia. Alibaki pale pale alipoangukia.

Cherehani ilinyamaza.

"Baba."

"Labda saa inahitaji kusahihishwa. Labda Mshtarii—"

"Baba, nikuulize kitu, na usinijibu kwa nyota." Binti aligeuza kigoda chake wakatazamana. "Huyu paka ni wa nani?"

"Wa mama yako."

"Mama yuko wapi?"

"Usiniulize upuuzi."

"Haya. Nani anamsagia samaki?"

Mzee alishusha macho kwenye taulo.

"Nani anamsafishia sanduku lake la mchanga kila asubuhi kabla hatujaamka, anadhani hatumsikii? Nani alimzuia mume wangu asipake rangi chumba cha nyuma, kisa harufu itamkohoza paka? Analala kwenye miguu ya nani?"

"Mama yako ndiye aliyemleta. Alimwokota sokoni, ndani ya boksi la sabuni. Nilimkataza."

"Ndiyo. Halafu miaka kumi na minne Mama alikuwa anamwita nani? Sema, baba. Hata majirani wanajua." Alisubiri. "Alimwita mke mwenzangu. 'Mke mwenzangu amekula? Mke mwenzangu amenitangulia kitandani.' Sasa mtu na mke mwenziwe, baba, mume wao si mmoja?"

Mkwe alikuwa ameingia kutoka kazini, ndoo za rangi mkononi. Kwa kawaida angetia neno la kuchekesha. Aliziweka ndoo chini polepole, akatoka tena uani.

Mzee alilifungua daftari. Hakuchora duara jipya. Sheria haikuruhusu, na hakuhitaji. Lile la Jumatano lilikuwa pale, safi, halina kosa katika mstari wowote. Alirudisha kidole kwenye nyumba ya kwanza, nyumba ya mwulizaji, akahesabu sita moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu mwingine. Nyumba ya sita. Zohali. Nyumba ya nane, chini ya Jua. Mwanafunzi wa wiki moja angelisoma. Baba yake angemcharaza. Mbingu zilikuwa zimemjibu dakika ile ile, naye akatazama nyumba ya mtu asiyekuwepo, kwa sababu mzee mwenye heshima zake, mwana wa karani wa mahakama, hakuweza kutamka maneno mawili mbele ya watu: paka wangu.

Alilifunga daftari. Alijitafuta ndani kama kuna maumivu, hakuyakuta. Alikuta mahali pakavu, kama ndani ya kabati lililohamishwa vitu.

"Lete kikapu," alisema.

Zahanati ya mifugo ilikuwa chumba kimoja chenye benchi. Walikaa kati ya kijana mwenye mbwa aliyekuwa akibweka bila kupumzika na mama mwenye kuku ndani ya mfuko. Kijana aliangalia kikapu, akaangalia shati jeupe la mzee.

"Shikamoo, babu. Umemleta paka?"

"Marahaba. Ndiyo."

"Aisee. Kwetu paka akiumwa anakwenda zake porini, biashara imekwisha." Akacheka, akatafuta mwenzake wa kucheka naye, asimpate.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko binti yake, mikono mikubwa, asiye na haraka. Alimpapasa paka tumboni, akamfungua mdomo, akavuta ngozi ya shingo, nayo ikabaki imesimama kama kitambaa kilichopigwa wanga.

"Jina la mwenye paka?" aliuliza, kalamu ikiwa juu ya kadi.

Binti alifungua kinywa. Mzee alimtangulia.

"Mimi. Paka wangu."

"Ameanza lini?"

"Tulimwona Jumatano. Saa kumi na dakika kumi na saba alasiri niliandika. Na haya ndiyo yaliyofuata." Alimpa daftari dogo. Daktari alisoma ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili, akamtazama mzee upya.

"Mzee, hata wauguzi hospitalini hawaandiki hivi. Sasa, ukiwa na kumbukumbu kamili namna hii, ulikuwa unasubiri nini?"

"Nilipiga falaki. Nikasoma kwamba atapona siku ya sita."

Daktari hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Aliitikia kwa kichwa, kama ambavyo angemwitikia yule mama wa kuku, akalirudisha daftari mezani.

"Figo zimekwisha," alisema. "Kwa umri wake hazingepona hata ungemleta Jumatano. Lakini ningemwekea maji ya mshipani, ningempa dawa ya kichefuchefu. Angepata miezi miwili, mitatu, anakula, anaota jua. Na hizi siku sita asingeteseka. Huyu ameumwa sana, mzee. Paka hawalii, ndiyo maana watu hawajui."

"Na sasa?"

"Sasa ninayo sindano moja tu ya kumsaidia, na unaijua."

Mzee aliomba amshike mwenyewe. Alimweka mapajani, juu ya suruali yake ya kwenda ofisini, akaweka kidole cha kati mbele ya pua yake. Paka alikinusa. Ulimi ulitoka nusu, ukaramba mara moja, ukarudi. Sindano iliingia. Mzee hakutazama saa. Daktari aliposema, "Tayari," ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi asiweze kumwambia mtu ilikuwa saa ngapi.

Walimzika nyuma ya nyumba kabla ya jua kuzama. Mkwe alichimba shimo, akalichimba refu kuliko ilivyohitajika, akaondoka akawaachia wao kufukia. Binti ndiye aliyelia. Mzee alimshika bega mpaka alipomaliza, kisha wakaingia ndani, naye akanawa mikono, akala alichowekewa, akasema ahsante.

Asubuhi ya tatu jirani wa nyumba ya pili, mwuza mboga, alisimama mlangoni. Alikuwa amembeba mtoto wa miaka miwili mgongoni, kichwa cha mtoto kimelala upande.

"Hodi, mzee. Shikamoo. Nimekuja na swali."

"Marahaba. Ngoja kwanza. Mtoto ana nini?"

"Ndilo swali lenyewe. Homa siku ya pili, hanyonyi, hali. Wengine wanasema jino, wengine wanasema jicho la watu. Nikasema Mzee Nukta hakosei. Nitazamie, atapona?"

Mzee alikuwa amekwisha kuinua mkono wa kushoto, kama mazoea ya miaka hamsini yalivyomwelekeza. Aliona mishale ya saa. Akaishusha mikono yote miwili, akasogea, akakiweka kiganja cha mkono kwenye paji la mtoto. Lilikuwa linaunguza.

"Swali lako sikulisikia," alisema.

"Nimesema, je, mtoto wangu—"

"Sikulisikia, binti yangu, wala usilirudie. Mpeleke hospitali. Sasa hivi, usipite nyumbani kubadili nguo."

"Lakini mzee, nitajuaje kama—"

"Utajulia huko." Aligeuka ndani, akamwita binti yake, "Mama! Acha cherehani, msindikize mwenzako. Mshikie mtoto, amechoka." Kisha akasimama kizingitini mpaka wanawake wale wawili walipopinda kona, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti chake, na miguu yake ikawa baridi.

Enyi vijana, mliozoea kuuliza kila kitu ila nafsi zenu, shikeni neno hili. Sikusema elimu ya mababu ni uongo. Duara la mzee yule halikukosea hata unywele. Aliyekosea ni mwulizaji. Basi kabla hamjaziuliza mbingu, au hizo simu zenu mnazozitazama mchana kutwa, simameni mseme kwa sauti kilicho chenu: huyu ni wangu, huyu nampenda, huyu ni juu yangu. Semeni mbele za watu, bila haya. Na mkishasema, msikae kusubiri jibu. Mbebeni mgonjwa wenu, mwende.